Ruzuku ya Kuni: Pesa za Serikali Humfikia Nani?

Kila mkulima hapa Kenya sasa analijua neno ruzuku. Septemba 2022 serikali ilipoanza kuuza mfuko wa mbolea wa kilo 50 kwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata ikashusha hadi shilingi 2,500, watu walipanga foleni kwenye maghala tangu alfajiri. Ruzuku ni hiyo: serikali inalipa sehemu ya bei ili kitu fulani kifanyike kwa wingi zaidi.

Lakini ruzuku ina tabia yake. Wazee walisema maji hufuata mkondo. Pesa za serikali nazo hufuata mkondo uliochimbwa na sheria, hata kama waliochimba walikuwa wanafikiria shamba lingine kabisa. Katika ukurasa huu tutaangalia jambo lililotokea Marekani miaka ya 2009 na 2010, serikali ilipoanza kulipia kuni. Ni habari ya mbali, lakini kikundi chochote kinachouza kuni, kinachotengeneza briketi, kinachonunua maranda ya kuku au kinachotunza msitu kina jambo la kujifunza hapo.

BAYOMASI NI KITU GANI?

Neno hili linasikika sana katika semina siku hizi. Maana yake si ngumu. Bayomasi ni kitu chochote kilichotoka kwenye mmea au mnyama ambacho kinaweza kutumiwa kutoa nishati: kuni, matawi, magome, vumbi la mbao, maranda, mabua ya mahindi, maganda ya kahawa, makapi ya miwa, hata samadi. Mama anayewasha moto wa mafiga matatu anatumia bayomasi, ingawa hajawahi kuiita hivyo.

Kwa nini serikali za nchi tajiri zinatoa pesa kwa ajili ya kuni? Kuna sababu tatu. Ya kwanza, mafuta na makaa ya mawe hayarudi ardhini yakishachimbwa, lakini mti hupandwa tena. Ya pili, zinataka kuwapa kazi watu wa mashambani na wa misituni. Ya tatu ni hali ya hewa. Mti ukikua unavuta hewa ya ukaa. Ukichomwa unairudisha. Kwa hiyo wengi walisema kuni hazizidishi chochote angani.

Sababu hii ya tatu ina shimo, na ni vizuri tulione mapema. Kuni zikichomwa katika kituo cha umeme hutoa hewa ya ukaa nyingi zaidi kuliko makaa ya mawe kwa kila kipimo cha umeme. Hewa hiyo inatoka leo. Mti wa kuivuta tena utachukua miaka mingi kukua, labda 30, labda 60, tena kama kweli utapandwa na kutunzwa. Kwa hiyo ni lazima uulize kuni hizo zilikuwa zitapelekwa wapi kama zisingechomwa. Kama ni matawi yaliyokuwa yakioza au kuchomwa bure shambani, hasara ni ndogo. Kama ni mti mzima uliokuwa bado unakua, hapo hesabu ni nyingine.

Swali hilo, "Kitu hiki kilikuwa kinaenda wapi?", ndilo Wamarekani walilosahau kuliuliza.

MPANGO WA MAREKANI

Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya kilimo. Ndani yake kulikuwa na mpango wa kuwasaidia watu wanaotoa bayomasi, unaojulikana kwa kifupi kama BCAP. Mpango huo ulikuwa na miguu miwili.

Mguu wa kwanza ulikuwa wa kupanda. Mkulima ambaye angekubali kupanda mimea mipya ya nishati, kama nyasi ndefu au miti inayokua haraka, angesaidiwa gharama za kupanda hadi asilimia 75. Halafu angelipwa kila mwaka wakati akingoja mimea ikomae: hadi miaka 5 kwa nyasi, na hadi miaka 15 kwa miti.

Mguu wa pili ulikuwa wa kukusanya na kusafirisha. Mtu anayekusanya bayomasi na kuipeleka kwenye kiwanda kilichoandikishwa angeongezewa pesa na serikali juu ya bei aliyolipwa na kiwanda.

Waliotunga sheria walikuwa na picha hii akilini. Hakuna mtu atakayejenga kiwanda cha nishati ya mimea kama hakuna mimea. Na hakuna mkulima atakayepanda mimea hiyo kama hakuna kiwanda cha kununua. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Basi serikali iwape wote wawili msukumo.

Picha ilikuwa nzuri. Lakini kuandika kanuni za mguu wa kwanza kulihitaji muda. Mguu wa pili ulikuwa rahisi zaidi, na Mei 2009 Rais Barack Obama aliagiza kazi iharakishwe. Juni 2009 Wizara ya Kilimo ikatangaza kwamba malipo ya kukusanya na kusafirisha yameanza. Malipo ya kupanda yakabaki nyuma. Kwa hiyo gari liliondoka na gurudumu moja.

MALIPO YALIVYOFANYIKA

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi:

1. Kiwanda kinachochoma kuni kwa ajili ya joto, mvuke au umeme kiliandikisha jina lake kwa serikali.

2. Mwenye kuni alikwenda katika ofisi ya wizara kwenye kaunti yake (Wamarekani nao wana kaunti) akajaza fomu kabla ya kupeleka mzigo. Aliyepeleka kwanza na kuomba baadaye hakulipwa.

3. Mzigo ulipimwa kwenye mizani ya malori. Pia ulipimwa unyevu, maana malipo yalikuwa kwa tani ya kuni kavu. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo lori lililojaa kuni mbichi huhesabiwa kama nusu lori tu.

4. Kiwanda kilimlipa mwenye kuni bei waliyokubaliana.

5. Mwenye kuni alirudi ofisini na risiti. Serikali ikamwongezea dola moja kwa kila dola aliyolipwa, lakini isizidi dola 45 kwa tani. Haki hiyo ilidumu miaka 2 kwa kila mtu.

Tufanye hesabu ya mfano ili ieleweke. Mwenye kiwanda cha kupasua mbao ana vumbi la mbao. Kiwanda chenye boila kinampa dola 30 kwa tani. Serikali inaongeza dola 30. Jumla amepata dola 60. Kama angelipwa dola 50, serikali ingeongeza 45 tu, jumla dola 95.

Sasa weka upande wa pili wa mizani mtu mwingine aliyekuwa akinunua vumbi hilohilo. Huyu anatengeneza mbao za chipbodi, zile ambazo mafundi hutumia kutengeneza kabati na meza. Chipbodi hutengenezwa kwa vumbi, maranda na vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi na kukandamizwa. Huyu alikuwa akilipa, tuseme, dola 35 kwa tani, bei nzuri kuliko ya boila. Kwake serikali haiongezi kitu, kwa sababu chipbodi si nishati. Jana muuzaji alikuwa akimpelekea yeye. Leo akimpelekea anapata 35, na akiipeleka kwenye boila anapata 60. Wewe ungepeleka wapi?

Tena mwenye boila naye ana akili. Akiona muuzaji anapata 60, anaweza kushusha bei yake hadi 25, na muuzaji bado atapata 50 akiwa ameridhika. Kwa hiyo pesa iliyoandikwa kwa jina la mwenye kuni, sehemu yake inaishia mfukoni mwa mnunuzi. Hakuna aliyeiba. Ni mkondo tu.

KILICHOTOKEA

Viwanda viliandikishwa kwa mamia. Lakini vingi havikuwa viwanda vipya. Vilikuwa viwanda vya karatasi na vya mbao ambavyo vilikuwa vikichoma magome na vumbi katika boila zao kwa miaka mingi, bila kulipwa na mtu yeyote, kwa sababu ilikuwa ndiyo njia rahisi ya kupata mvuke. Hao ndio waliokuwa tayari. Walikuwa na mizani, boila, barabara, na makarani wa kujaza fomu. Mkulima mdogo aliyetaka kupanda nyasi za nishati bado alikuwa akingoja kanuni zake. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama.

Sehemu kubwa sana ya pesa ikaenda kwa kuni na mabaki ya mbao, wala si kwa mazao mapya ya shambani.

Wakati huohuo watengenezaji wa chipbodi walianza kulia. Ilikuwa tayari miaka mibaya kwao. Tangu 2007 ujenzi wa nyumba ulikuwa umeanguka Marekani. Nyumba zisipojengwa, mbao hazipasuliwi, na mbao zisipopasuliwa vumbi haliko. Vumbi likawa haba, na sasa serikali inalipa watu walichome. Chama chao kilipeleka malalamiko Washington. Wenye vitalu vya miche na maua nao walilalamika, kwa sababu hutumia magome yaliyosagwa kuoteshea miche, na magome yalianza kuelekea kwenye boila.

Angalia vizuri jambo hili. Vumbi la mbao lililogeuzwa kuwa kabati linakaa ndani ya nyumba miaka mingi, na hewa ya ukaa imefungiwa ndani yake. Vumbi hilohilo likichomwa linarudi angani siku hiyohiyo. Serikali ilikuwa inalipa ili kuhifadhi hali ya hewa, na hapo ilikuwa inalipia kinyume chake. Tena ilikuwa inahatarisha kazi za watu wa chipbodi kwa jina la kuongeza kazi.

Gharama nayo ilipanda. Sheria ilipopitishwa, wahasibu wa Bunge walikisia kwamba mpango mzima ungekula kama dola milioni 70 kwa miaka yote ya sheria hiyo. Lakini katika miezi ya kwanza tu, malipo ya kukusanya na kusafirisha peke yake yalipita dola milioni 200. Sababu ni kwamba hakukuwa na kikomo. Kila aliyekuja na risiti halali alilipwa.

Tuwe wa haki. Si kila kitu kilikuwa kibaya. Wakata miti wengi walikuwa wamekosa kazi, na pesa hizo ziliwawezesha kuendelea kulipia malori. Katika misitu mingine, miti midogo iliyosongamana na matawi makavu yaliyokuwa tishio la moto yaliondolewa, jambo ambalo bila msaada halilipi gharama ya dizeli. Hayo yalikuwa ndiyo makusudi ya sheria. Tatizo ni kwamba kanuni hazikutofautisha tawi lililotolewa msituni kwa jasho na vumbi lililokuwa tayari limerundikana nyuma ya kiwanda. Yote yalikuwa tani.

MAJI MEUSI

Mwaka huohuo wa 2009 kulikuwa na kisa kingine, na hiki kilikuwa kikubwa zaidi.

Kiwanda cha karatasi huchemsha vipande vya miti kwa dawa ili kupata nyuzi za karatasi. Kinachobaki ni maji mazito meusi yenye utomvu wa mti. Tangu miaka ya 1930 viwanda vimekuwa vikichoma maji hayo kupata mvuke na umeme, na kurudisha dawa ili zitumike tena. Ni kazi nzuri, na ilikuwa ikijilipia.

Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya barabara. Ndani yake kulikuwa na msamaha wa kodi wa senti 50 kwa kila galoni ya mafuta mbadala yaliyochanganywa na mafuta ya kawaida. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya petroli na dizeli katika magari. Baadaye sheria ikapanuliwa hadi mafuta yasiyo ya magari. Wahasibu wa viwanda vya karatasi walisoma sheria hiyo neno kwa neno. Wakaona kwamba maji meusi ni mafuta mbadala. Kinachotakiwa ni kuyachanganya na mafuta ya kawaida tu. Basi wakaanza kumwagia dizeli kidogo ndani ya maji meusi, dizeli ambayo hawakuwa wakiihitaji, na kudai senti 50 kwa kila galoni.

Kwa mwaka 2009 kampuni ya International Paper peke yake ilipata zaidi ya dola bilioni 2 kwa njia hiyo. Sheria iliyotungwa ili dizeli ipungue ilifanya dizeli iongezwe mahali ambapo haikuwapo. Haki hiyo ilikwisha mwishoni mwa 2009, na Machi 2010 Bunge likaziba mlango mwingine ambao maji meusi yangeweza kupitia ili kupata msamaha mwingine wa kodi.

Hawa nao hawakuvunja sheria. Waliisoma tu kuliko walioiandika.

MAREKEBISHO

Mapema 2010 Wizara ya Kilimo ilisimamisha maombi mapya ikaandika kanuni upya. Kanuni kamili zilitoka Oktoba 2010. Mambo makubwa yaliyobadilika ni haya:

- Mabaki ya mbao ambayo yana soko lenye thamani zaidi, kama la chipbodi, hayakulipiwa tena.

- Kuni za kulipiwa zilitakiwa ziwe zimekusanywa moja kwa moja kutoka ardhini, yaani shambani au msituni, si kuzolewa kutoka uani mwa kiwanda.

- Mguu wa kupanda ulianza kufanya kazi hatimaye.

Bunge nalo likaweka kikomo cha pesa. Sheria ya kilimo ya 2014 ilishusha malipo ya juu kutoka dola 45 hadi dola 20 kwa tani, na mpango wote ukatengewa dola milioni 25 kwa mwaka. Sheria ya 2018 iliuacha mpango kwenye vitabu, lakini bila fungu la pesa la lazima.

Kwa hiyo marekebisho yalikuja, na yalikuwa mazuri. Lakini pesa nyingi zilikuwa zimeshapita. Mlango ulifungwa ng'ombe wakiwa wameshatoka.

UINGEREZA NAO

Uingereza ilichagua mkondo mwingine. Huko hawakulipia kuni langoni mwa kiwanda. Walilipia umeme unaotoka. Kituo kikubwa cha Drax, kilichoko Yorkshire, kilijengwa miaka ya 1970 kuchoma makaa ya mawe. Kuanzia 2013 kiligeuza mitambo yake 4 kati ya 6 ili ichome kuni zilizosagwa na kukandamizwa kuwa vidonge vidogo. Vidonge hivyo husafirishwa kwa meli, hasa kutoka Marekani na Kanada. Ruzuku hutoka katika bili za umeme za wananchi.

Januari 2024 ofisi ya ukaguzi ya Uingereza ilisema kwamba serikali ilikuwa imetoa kama pauni bilioni 22 kusaidia matumizi ya bayomasi kwa umeme na joto, na kwamba haikuwa na njia ya kutosha ya kuhakikisha kuni hizo zinatoka mahali panapofaa. Agosti mwaka huo Drax ilikubali kulipa pauni milioni 25 kwa sababu ya kasoro katika taarifa zake kuhusu kuni kutoka Kanada. Februari 2025 serikali ilitangaza mapatano mapya ya kuanzia 2027 hadi 2031. Ruzuku itapungua kama nusu, na kituo kitafanya kazi si zaidi ya asilimia 27 ya muda. Kuni zote zitatakiwa ziwe zimethibitishwa, wakati hapo nyuma ilikuwa asilimia 70.

Na wanaoishi karibu na viwanda vya vidonge? Katika jimbo la Mississippi, mji mdogo wa Gloster una kiwanda cha namna hiyo kilichoanza kazi kwa ajili ya soko la Uingereza. Mwaka 2020 jimbo lilikitoza kiwanda hicho dola milioni 2.5 kwa kuchafua hewa kupita kiwango kilichoruhusiwa. Mlipa bili wa London anaambiwa umeme wake ni safi. Vumbi limebaki Gloster.

SISI TUNAHUSIKAJE?

Hapa kwetu hakuna serikali inayomwongezea mtu dola kwa kila dola ya kuni. Lakini mikondo ya namna hii ipo. Kenya ilianza mwaka 2008 kuwa na sera ya kuwahakikishia bei wanaouza umeme wa nguvu mbadala kwa gridi. Sera ya 2021 inataja bayomasi kati ya nishati zinazohusika. Viwanda vingi vya majani chai hukausha chai kwa kuni, na vingine vinanunua briketi. Na kila mara huja mradi, wa kigeni au wa hapa, unaotaka kununua mabua, maganda, maranda au miti ya mashambani.

Mradi kama huo unaweza kuwa baraka. Kinachooza bure kinageuka kuwa karo ya watoto. Lakini hebu fikiria kikundi cha akina mama wanaofuga kuku karibu na kiwanda cha mbao. Wananunua gunia la maranda kwa shilingi 50. Anakuja mnunuzi mwenye msaada anayetoa 120. Mwenye kiwanda anafurahi. Je, kuku watatandikiwa nini? Na mabua yote ya kijiji yakiuzwa, ng'ombe watakula nini kiangazi, na udongo utarudishiwa nini? Takataka ya mmoja mara nyingi ni mali ya mwingine ambaye hakualikwa kwenye mkutano.

Kwa hiyo kabla kikundi hakijatia sahihi, mwenyekiti na karani waulize maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu:

1. Malipo ni ya nini hasa? Ni kwa tani inayotoka, au kwa mti unaopandwa na kuishi? Ukilipwa kwa tani peke yake, utakata. Ukilipwa pia kwa mti uliofikisha miaka mitatu, utatunza.

2. Leo kitu hiki kinaenda wapi? Andikeni majina ya wote wanaokitumia, hata wanaokiokota bila kulipa. Mwiteni mmoja wao kwenye mkutano.

3. Nani ana mizani? Ni kwa tani, kwa mita au kwa lori? Unyevu unapimwaje, na mwanakikundi anaruhusiwa kusimama hapo wakati wa kupima? Kuni zikauke kwanza kabla ya kupakiwa, msije mkalipia usafiri wa maji.

4. Fomu ni lini? Kumbukeni Wamarekani: aliyepeleka mzigo kabla ya kuandikishwa alikosa. Msipeleke hata lori moja kwa ahadi ya mdomo.

5. Msaada unakaa muda gani? Kama ni miaka 2, mwaka wa 3 bei itakuwa ngapi? Msikope pesa za kununua mashine ya kulipwa kwa miaka 5.

6. Nyongeza inamfikia nani? Kama mnunuzi anapata msaada wa serikali au wa wafadhili, mwambieni aonyeshe kiasi gani kinashuka hadi kwa mwenye kuni.

7. Msitu ni wa nani? Kama kuni zinatoka msitu wa serikali, sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kushiriki kupitia chama cha jamii cha msitu. Chama kiulizwe kwanza, na makubaliano yawe kwa maandishi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Gawanyikeni watu watano watano, halafu mrudi kuelezana.

(a) Tajeni kitu kimoja kijijini ambacho watu husema ni takataka. Hesabuni ni familia ngapi hukitumia.

(b) Je, kuna msaada uliowahi kuja kwetu ukawafikia tu wale waliokuwa tayari na uwezo? Ni kanuni gani moja ingebadilisha hayo?

(c) Kama kikundi chetu kingepewa shilingi 100,000 kusaidia upatikanaji wa kuni, tungelipia nini: kukata, kusafirisha, kupanda, au jiko lisilokula kuni nyingi? Kila kundi litoe sababu zake, kisha mpige kura.